Paswadi Niliyoiweka kwa Marafiki

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Vita vimetangazwa! Mwalimu Keziah ametuambia asubuhi, kabla hata hatujapangusa vumbi kwenye kompyuta. Sisi wanafunzi kumi na mmoja wa usalama wa kompyuta hapa Kakuma, watu wazima wenye miwani ya kuazimana, tutashindana wiki nzima. Kila mtu amepewa akaunti yenye barua ndani. Ailinde kwa paswadi. Wenzake wana ruhusa ya kujaribu kuifungua, ila bila kugusa simu ya mtu wala mkoba wake. Macho, masikio na akili tu. Ambaye akaunti yake itakuwa salama Ijumaa saa sita mchana atapata nafasi ya miezi sita katika ofisi moja Lodwar.

Lodwar! Nyumbani! Miezi saba nalala peke yangu kwenye chumba cha mabati, na mke wangu Akoru yuko Lodwar. Namkumbuka sana, sifichi. Nikampigia simu hapo hapo, nikamwambia nafasi nimeshaipata. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mdomo ulitangulia. Sasa sina budi kushinda.

Paswadi yangu ni jina la maksai wangu mwenye madoa. Silitaji hapa. Usalama kwanza! Nimekuwa dalali wa mbuzi miaka ishirini, kutunza siri nakujua.

Nikitoka, Adau akaniamkia: Ejok, Apalomeri. Adau ni mama wa watoto watatu kutoka Sudan Kusini, anakaa Kalobeyei, na ndiye mpinzani wangu mkubwa. Apalomeri ndilo jina wanaloniita wote, yaani baba yake Lomeri, kwa heshima ya maksai huyo. Jina langu la kitambulisho, Lochakapong, hulikumbuka karani peke yake. Leo sola ilipozimika darasani, niliwaimbia wenzangu wimbo wa Lomeri mpaka mwisho. Walipiga makofi.

Jumanne, 9 Septemba

Imefunguliwa! Saa mbili na dakika kumi asubuhi! Sijakaa hata kitini!

Ni Adau. Sielewi. Nilikagua dirisha. Nilikagua dari. Niliinua kibodi nikaangalia chini, nikakuta mchanga tu. Nikamwuliza Mwalimu kama uchawi unaweza kupita kwenye waya. Akasema hajawahi kuuona. Halafu Adau akanieleza mwenyewe, kwa huruma iliyoniudhi, kwamba kaka zake kule Bor kila mmoja ana ng'ombe wa kuimbia, na wote wangeweka paswadi ya namna hiyo. "Mzee, wewe naimba hii ng'ombe kila siku, mimi nasikia."

Bado sielewi. Wimbo ni wimbo, paswadi ni paswadi.

Afadhali sheria inampa kila mtu nafasi ya pili, moja tu. Mwalimu akanipa paswadi mpya iliyotungwa na kompyuta. Herufi na tarakimu kumi na sita! Hakuna neno hata moja ndani yake. Ameniagiza niikariri, kisha niichome karatasi. Nimekariri kuanzia mchana mpaka jioni. Nimeshika tatu za mwanzo, na moja kati ya hizo sina hakika nayo.

Jumatano, 10 Septemba

Akili ni nywele, kila mtu ana zake! Nimepata dawa.

Marehemu baba hakuweka mifugo yake yote katika boma moja hata siku moja. Alikuwa na mbuzi kwa rafiki huku, ngamia kwa rafiki kule, mpaka Kerio. Wavamizi wakija, au ukame, wanapata sehemu tu. Mzee alikufa akiwa na mali. Sasa kwa nini mwanawe aweke paswadi nzima katika kichwa kimoja, tena kichwa hiki?

Nimeikata vipande vitatu. Cha kwanza nimempa Amou, mama anayeuza chai karibu na darasa. Cha pili Emanikor, wa boda boda ya kwenda Kalobeyei. Cha tatu Bichiok, mwenye duka kule Kalobeyei. Nimewaambia ni amana, waitunze kama mnyama wangu. Wote wameapa. Bichiok alinishika mkono kwa mikono yake miwili, karibu nilie. Nikaichoma karatasi.

Nikirudi nilimkuta Adau kwenye kivuli cha darasa. Kompyuta hana nyumbani, wala umeme. Amechora kibodi kwenye kipande cha katoni na anakibonyeza kwa vidole kumi, huku mtoto amelala mgongoni. Nilicheka. Kisha nikaona aibu, sijui ilitoka wapi. Akaniuliza kama paswadi nimeikariri. Nikamjibu kwamba iko salama kuliko yake. Akasema: "Mzee, usipe mtu." Mpinzani ananipa ushauri! Ni mtego huo.

Alhamisi, 11 Septemba

Balaa. Mwalimu ametangaza ukaguzi: kabla ya saa kumi jioni kila mtu afungue akaunti yake mbele yake, aonyeshe kwamba anaweza.

Nikakimbilia kwa Amou. Kipande chake alikuwa nacho. Alikuwa amekiandika kwa kalamu nene kwenye chupa ya chai asije akakisahau, nikamsifu kwa uangalifu. Emanikor alikuwa amekwenda Lodwar na abiria. Nikamngoja juani saa tatu nzima. Alipofika alinionyesha madigadi ya pikipiki yake, bamba la kukinga matope. Kipande changu kimepakwa rangi nyekundu, kikazungushiwa maua! Amesema amana ya rafiki haifichwi kama kitu cha wizi. Nilifurahi. Ni kazi safi. Akanipeleka kwa Bichiok, naye alikuwa amekiandika kwenye ubao wa bei, chini ya sabuni, mahali anapotazama kila saa.

Marafiki gani hawa! Hakuna hata mmoja aliyepoteza hata herufi.

Shida ilikuwa moja. Nilipokaa mbele ya Mwalimu, nilikuwa nimesahau kipi kinatangulia. Nilikosea mara nne. Ukikosea mara ya tano akaunti inajifunga. Jasho lilinitoka hadi miguuni. Nikafumba macho nikaikumbuka safari yangu ya jana: chai, pikipiki, duka. Ikafunguka! Adau alikuwa meza ya pili.

Tumebaki wawili. Mimi na yeye. Wengine wote wamefunguliwa. Akoru amepiga simu kuuliza nitafika lini ili afagie uwanja. Nimemwambia Jumamosi.

Ijumaa, 12 Septemba

Saa tano na dakika arobaini. Bado dakika ishirini tu! Adau akainua mkono, akamwita Mwalimu, akaisoma barua yangu kwa sauti.

Nilisimama. Nikaketi. Nikasimama tena. Nikasema ameiba, apekuliwe. Mwalimu akamwambia aeleze. Akaeleza polepole. Asubuhi alinunua sabuni kwa Bichiok. Akapanda pikipiki ya Emanikor kwa sababu mtoto ana homa. Akamnywesha mtoto chai kwa Amou. Basi. Hakumwuliza mtu kitu. Alijaribu mpangilio huu, akajaribu ule, ikafunguka.

Darasa zima lilicheka mpaka Mwalimu akalazimika kutoka nje. Mimi sikucheka. Nilifikiria uwanja uliofagiwa.

Hapo likatokea jambo ambalo mpaka sasa linanichanganya. Adau, mshindi, alimfuata Mwalimu nje. Niliwasikia dirishani. Alimwambia kwamba huyu mzee hajakosa darasa hata siku moja kwa miezi saba, na huwasaidia wenzake kwa nyimbo zake kuvumilia njaa ya mchana, basi wasimtupe. Kuna nafasi nyingine moja Novemba. Mwalimu akaniita. Nimepewa mashindano mengine, na paswadi nyingine ya herufi kumi na sita, niikariri wakati wa likizo. Amenishika bega, akasema safari hii nisimpe rafiki wa Kakuma wala wa Kalobeyei. Nimekubali kwa moyo wangu wote.

Kwa nini mtu amwombee mpinzani wake? Nimemwuliza Adau. Akasema hajui kuchukia mtu anayeimba vizuri. Nimemshukuru, na machozi yalinilenga.

Jumamosi, 13 Septemba

Niko Lodwar. Uwanja umefagiwa. Nilimwambia Akoru ukweli kabla sijavua viatu: sina nafasi, nilidanganya. Akasema alijua tangu Jumatatu, maana nikifanikiwa kweli huwa naogopa kusema. Akanipakulia samaki na ugali. Nimekula sahani mbili. Sikujua kwamba mtu anaweza kushindwa na bado akala vizuri hivyo.

Usiku niliketi nikatafakari kosa langu kama msomi. Mwalimu ana haki. Marafiki watatu ni wachache mno! Tena nilikata vipande vikubwa. Mtu akinunua sabuni na chai, ameshamaliza kazi.

Jumapili, 14 Septemba

Nimelipata suluhisho, tena kanisani! Ni watu wacha Mungu, hakuna hata mmoja wa Kakuma wala Kalobeyei, na wako kumi na sita kamili. Kwaya ya Akoru! Baada ya ibada nilimpa kila mmoja herufi moja tu. Ili nisisahau mpangilio kama juzi, niligawa kufuatana na wanavyosimama, kuanzia kushoto kwenda kulia. Mwenye herufi moja hana kitu. Karatasi nimeshaichoma.

Akoru alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Lakini mimi nimetulia kabisa. Nani duniani atakayewakuta watu wote hao kumi na sita mahali pamoja, tena wamejipanga mstari?