Marehemu Taban Anarudi Nyumbani

Jumatatu, 8 Julai 2024. Koboko.
Ofisi ya wakimbizi imesema familia ina haki ya kuishi pamoja, ni sheria. Mume aliyebaki ng'ambo anaweza kuandikwa kwenye kadi ya mgao ya mkewe. Taban wangu yuko Kaya, kwetu tulikokimbia, ukivuka tu mpaka wa Oraba. Mtoto wetu Muzamili anaita simu "baba". Shida ni moja. Mwaka jana niliandika kwamba Taban amekufa. Wajane walikuwa wanapewa godoro kwanza. Godoro ni zuri, sikatai.

Jumanne, 9 Julai.
Nimepata njia. Kwetu mtu akifa, ndugu yake anaweza kumrithi mjane. Basi Taban atakuja kama mdogo wake Taban, jina Soka. Nimempigia simu. Ameuliza kama huyo Soka ni mzuri kuliko yeye. Nimemwambia ana adabu zaidi.

Alhamisi, 11 Julai.
Amevuka. Tumeenda ofisini. Madam Kevina, anayeandika kadi, ameuliza kama nimerithiwa kwa hiari yangu, maana sheria hairuhusu mwanamke kulazimishwa. Nimesema nimeridhia. Muzamili amerukia mapajani mwa Soka akiita baba, baba. Nimesema mtoto huyu anazoea watu haraka. Madam anataka mtu wa ukoo athibitishe.

Jumapili, 14 Julai.
Nimemfundisha mama mkwe, Mama Hawah. Watoto wa kiume wawili, mkubwa marehemu. Amekubali huku anamenya karanga. Nimemrudia somo mara tatu. Nimechoka, mtoto anaota meno.

Jumatatu, 15 Julai.
Madam amemuuliza mama mkwe amezaa wanaume wangapi. Mama Hawah akasema, "Moja tu, binti yangu. Na huyo moja ilinitosha." Taban akatazama viatu vyake. Mimi nikalia, kulia kweli, nikasema yote. Nilijua wananifuta kwenye kadi na Taban anarudi Kaya leo leo. Madam ameandika kwa muda mrefu. Amesema uongo ni wangu, si wa mtoto, na haki yake ya kulelewa na baba na mama haifi kwa sababu ya godoro. Nimetia saini maelezo ya kusahihisha. Mgao ujao nitasimama mwisho wa foleni. Ni sawa.

Ijumaa, 19 Julai.
Taban yuko kwenye kadi, yuko hai, yuko nyumbani. Muzamili amelala kifuani kwake, mguu shingoni. Nimewatazama mpaka chai ikapoa. Nimeapa sitaandika uongo tena.
Jioni jirani Madinah amesema anakusanya majina ya wazee wasioweza kutembea. Wiki ijayo wanapewa blanketi. Nimemwomba Mama Hawah asitoke mkekani siku mbili tatu. Amekataa kabisa, amesema miguu yake ni mizima, kesho anaenda kulima shambani kule Abuku.
Nimeshamwandika.