Dirisha la Mtawala na Vyoo vya Soko

Jumatatu, 3 Juni

Nafasi ni moja! Profesa ametangaza asubuhi, kasimama mlangoni na kikombe cha chai, kama mtu anayetangaza kuwa sukari imeisha. Mtafiti msaidizi mmoja, miaka miwili, kwenye mradi wa fikra za kisiasa za wenyeji na uwazi katika sera za umma. Tunaoiwania tuko wawili. Tutawasilisha Ijumaa, dakika ishirini kila mtu. Atakayekosa atarudisha ufunguo wa meza yake mwisho wa mwezi.

Miaka minne nimejifungia na swali moja. Je, ni wageni waliowafundisha wenyeji kwamba mtawala lazima aeleze hadharani anachofanya? Mimi nasema hapana. Walijua tangu zamani. Nalala na swali hili, naamka nalo. Mama anasema ningekuwa na mume ningeshamsahau sokoni kwa ajili yake. Ushahidi tu ndio sina.

Mpinzani wangu namwita Tanbihi. Hawezi hata kukusalimia bila kutaja chanzo. Ananiita dada, kwa heshima kabisa, na hilo linaniudhi kuliko matusi.

Nimemwambia Mama kuna nafasi. Kufikia jioni alishampigia Shangazi kumwambia nimeipata.

Jumanne, 4 Juni

Hifadhi ya Nyaraka, tangu saa mbili asubuhi. Meza sita, feni moja, na Mzee mtunza nyaraka, ambaye husikia ukurasa ukikunjwa kutoka chumba cha pili. Ana kanuni yake. Kabla ya kupewa faili unaandika kwenye daftari kubwa lililo wazi pale mlangoni: namba ya faili, jina lake, na sababu ya kulitaka. Kila anayepita anasoma. Nimelalamika kwamba huku ni kuwaanika watafiti. Mzee akauliza natafiti nini. Nikamwambia uwazi. Akanisogezea kalamu.

Hapo ndipo akili ilipochemka.

Nimeomba mafaili mawili. La kwanza ndilo hazina: namba 41, barua za mtawala wa mwisho wa wenyeji kwa ofisa wa serikali ya kigeni. Barua thelathini na saba, kwa mkono wake mwenyewe! Penye sababu nimeandika kwa herufi za sisimizi: kupitisha muda. La pili nimelichagua kwa kufumba macho na kuangusha kidole kwenye orodha. Namba 212, Vyoo vya Soko. Sababu, kwa herufi kubwa, mistari miwili chini yake: UTI WA MGONGO WA UTAFITI WANGU.

La vyoo nimelirudisha baada ya dakika tano, bila kulifungua. Nikajibanza nyuma ya kabati la ramani. Tanbihi akaingia. Akainama juu ya daftari. Akasoma. Akaomba 212!

Nilicheka mpaka Mzee akagonga meza kwa rula.

Jumatano, 5 Juni

Nimesoma barua ishirini za Mtawala. Zote zinahusu dirisha. Anaomba ofisi yake itobolewe dirisha. Kuna joto. Kuna giza. Haoni anachokiandika. Katika barua ya tisa anauliza kama ya nane ilifika.

Nilikata tamaa kwa robo saa nzima. Kisha nikaelewa. Dirisha! Mtawala anayeomba aonekane! Anayetaka watu wake wachungulie ndani waone utawala ukifanya kazi! Nimeandika kurasa kumi na moja bila kuinua kichwa. Naiita Falsafa ya Dirisha. Barua kumi na saba zilizobaki sina haja nazo. Mtu akishaomba kitu kimoja mara ishirini, msimamo wake umeeleweka.

Tanbihi upande wa pili anasoma vyoo kwa bidii inayotia huruma. Saa sita akaja mezani kwangu, akanong'ona kwamba 212 lina jambo kubwa, dada, hebu njoo uone ukurasa wa themanini. Mtego mtupu! Anataka niondoke mezani apate kuona ninachosoma. Nimemwambia ahsante, habari za vyoo nazijua. Akasema kumbe, ndiyo maana. Akaondoka akitikisa kichwa kama mtu aliyetoka kusikiliza hotuba.

Mama kapiga simu. Shangazi anataka kujua kama ofisi yangu mpya ina kapeti.

Alhamisi, 6 Juni

Tanbihi hachoki. Leo kanifuata kwenye mashine ya fotokopi na nakala za kurasa sita, kanitolea mimi. Kasema roho inamsuta kula peke yake, maana faili nililiona mimi kwanza. Nimezirudisha kwa ncha za vidole. Akauliza mimi nasoma nini siku hizi. Nikamwambia riwaya. Akataka jina la mchapishaji.

Jioni nimefanya mazoezi mbele ya Mama. Kasikiliza dakika zote ishirini huku akikunja nguo, wala hakusinzia. Mwishoni akasema maneno ni mazuri, mengine hata yanatisha, ila yeye angependa kujua huyo baba wa watu alipewa dirisha lake au hakupewa. Nimemweleza kwamba hilo si swali la kitaaluma. Akasema haya, yeye kauliza tu, asije akaulizwa na Shangazi akakosa la kusema.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma za chuo. Sitaki mtu aniambie pole.

Nilianza mimi. Wasikilizaji kumi na wanne, na Mzee mtunza nyaraka kaalikwa, kavaa koti. Sauti ilitoka vizuri. Niliposema kwamba dirisha ni katiba iliyotobolewa ukutani, Profesa aliandika kitu. Kwa macho yangu nilimwona! Nikakaa chini nikiwa tayari mtafiti msaidizi.

Kisha Profesa akauliza kama hatimaye dirisha lilitobolewa.

Nikajibu kwamba ushahidi unaelekea huko.

Mzee akainua mkono. Akaomba radhi kwanza, akaniita mwanangu, akasema lilitobolewa. Nikatabasamu. Akasema limo katika barua ya thelathini na tano, ya shukrani. Nikatabasamu zaidi. Akasema ila katika ya thelathini na sita na ya thelathini na saba anaomba lizibwe, tena haraka, kwa kuwa watu wanakuja kuchungulia anafanya nini humo ndani.

Kicheko kilianzia safu ya nyuma. Mtu mmoja akasema basi huyo ni serikali kweli kweli.

Akafuata Tanbihi. Ukurasa wa themanini. Ofisa wa kigeni alileta mpango wa vyoo vya soko, akataka wazee waukubali siku ileile. Baraza likakataa. Likasema jambo la wote haliwi jambo mpaka lisomwe kwa sauti siku tatu za soko, mbele ya wauzaji wote, wanawake wa mboga wakiwa safu ya mbele kwa kuwa ndio wanaoshinda pale. Na kila anayelipinga atajwe pamoja na sababu yake, ili watakaozaliwa baadaye wajue kwamba hawakukubali wote. Ofisa kaandika pembeni, kalamu ikichana karatasi, kwamba watu hawa hawaelewi jinsi serikali inavyoendeshwa.

Ndicho hicho! Miaka minne nimekitafuta hicho. Nilikishika mkononi dakika tano Jumanne na sikukifungua. Nikawaona wale wanawake safu ya mbele, vikapu magotini, wakimsubiri mtu asome. Kwa dakika mbili hivi nilisahau hata kumchukia Tanbihi.

Kisha akamulika ukutani picha ya daftari la Mzee. Mwandiko wangu! UTI WA MGONGO, na mistari yake miwili. Akasema asingelijua faili hilo lau si dada yake huyu, ambaye aliligundua, akaliandikia hadharani ili kila mtu anufaike, kisha akamwachia. Akasema watafiti wa namna hii wamekwisha duniani. Watu wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kama wafanyavyo wanyenyekevu.

Mzee hakupiga makofi. Alikuwa anatafuta kitu mfukoni mwa koti, kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Jumatatu, 10 Juni

Nafasi kapewa Tanbihi.

Profesa kaniita nikaenda na ufunguo wa meza mkononi. Hakuupokea. Kasema hajaona mwanafunzi akimpa mpinzani wake faili bora wakati wa mashindano, na jambo hilo limemnyima usingizi. Chuo kinaunda kamati ya kuhakikisha tafiti zote na maamuzi yote yanawekwa wazi kwa umma. Anataka mimi niwe katibu. Meza nabaki nayo hadi Desemba.

Ningeweza kumwambia ukweli. Nilifungua mdomo kabisa, neno la kwanza likafika kwenye meno. Kisha nikasema nimefanya tu wajibu wangu.

Tanbihi kaja kunipongeza. Anapendekeza tuandike makala ya 212 pamoja, majina mawili, langu likitangulia. Nimemwambia nitafikiri. Ni dhahiri kaishiwa hoja, anataka zangu.

Jumatano, 12 Juni

Kikao cha kwanza! Nimependekeza tukutane chumba cha stoo, mlango ufungwe kwa ndani, ili umma usije ukatuvurugia kazi ya kuuhudumia. Mjumbe mmoja kauliza mbona hakuliona tangazo. Nimemwambia lilibandikwa. Kweli lilibandikwa, ndani ya kabati langu, upande wa kushoto.

Muhtasari nimeuandika kwa hati ya siri niliyoibuni mwenyewe. Mchana nilijaribu kuusoma nikashindwa. Si neno. Nikishindwa mimi, Tanbihi ataanzia wapi?

Jioni Mama kauliza kamati imeamua nini, maana Shangazi yuko kwenye simu anasubiri. Nimemwambia ni mambo ya ndani. Akasema sawa, hayo ya ndani nibaki nayo mwenyewe, ila basi nimtajie walau hiyo kamati inaitwa kamati ya nini.

Nimekataa.