Uvimbe Ulionyimwa Mbolea

Jumatatu, 3 Juni 1996

Nimerudi nyumbani Kimulot, huku milimani, kutoka Nairobi. Kichwani mwangu mna uvimbe mkubwa kama yai. Daktari Mosoti amesema si wa aina mbaya, ila unabana mshipa wa jicho la kushoto, ambalo tayari limefifia. Usipotolewa mwezi huu, jicho halitarudi. Akaeleza kwamba mwilini mna vichocheo vya ukuaji: kemikali zinazobisha kwenye seli na kuiamuru ikue. Seli za uvimbe hutii amri hiyo wala hazijui kuacha.

Nilimwelewa upesi kuliko mgonjwa yeyote aliyepata kumwona. Vichocheo ni mbolea! Nimelima chai tangu ujana, hata miaka niliyofundisha shule. Mche ukinyimwa mbolea hununa. Kwa nini nipasuliwe? Operesheni nimeiahirisha. Nitaunyima chakula. Akili!

Jumatano, 5 Juni

Nimeacha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, na ugali na nyama. Kabichi na chai ya rangi tu. Mke wangu Chelimo ameniuliza, "Baba Kiptum, kwani umetenda dhambi gani unafunga hivi?" Nikamwambia hii ni sayansi. Akasema, "Basi sayansi imekuharibu uso."

Jumatatu, 10 Juni

Nimekonda vizuri sana. Suruali naifunga kwa kamba. Uvimbe bila shaka unalia. Jicho la kushoto linaona ukungu, lakini huku Kimulot nani haoni ukungu?

Alhamisi, 13 Juni

Aibu! Karani wa kituo cha chai amekataa kikapu changu chote. Mimi, mwenyekiti wa kamati ya wakulima, ninayewahimiza wengine kuchuma majani mawili na chipukizi! Nilikuwa nimechuma majani makuukuu, na vijiti ndani yake. Ephantus, jirani anayekitamani kiti changu, akainua tawi mbele ya watu: "Mwalimu, hii ni chai ama ni fensi?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikajibu kwamba ni mbegu mpya. Nikageuka kwa heshima, nikagonga nguzo. Ilikuwa upande wa kushoto.

Jumatano, 19 Juni

Chelimo amenirudisha Nairobi, kanishika mkono njia nzima. Daktari Mosoti amesema uvimbe hautegemei sufuria yetu. Seli zake hujitengenezea vichocheo zenyewe, kisha huita mishipa mipya ya damu iulishe. "Mzee, huo una kiwanda chake cha mbolea. Anayekosa mbolea hapa ni wewe."

Chelimo akamwuliza kama, akishakifungua kichwa, anaweza kuutoa na ukaidi. Daktari akasema huo umeota mizizi.

Nimekubali kupasuliwa. Daktari huyu bado kijana, anahitaji mazoezi ya kichwa cha mtu aliyesoma.

Jumanne, 16 Julai

Nyumbani! Kichwa kimenyolewa, kovu ni refu, na jicho linaona! Nimesimama barazani nikatazama majani ya chai, moja moja, hadi ukingoni mwa msitu. Chelimo alilia. Nikamwambia ajikaze. Nami nililia kidogo, kwa macho yote mawili, sawasawa.

Daktari asema uvimbe haukupungua hata chembe. Ulikuwa sawa na ule wa kwenye picha ya kwanza ya kichwa changu. Basi si haukuongezeka? Kabichi! Jumapili baada ya ibada nitawafundisha Wakristo siri hiyo. Nimewaagiza akina mama wasipike chochote. Semina itachukua siku tatu.