Kengele ya Azinhosa na Saa ya Ng'ambo

Jumatano, 9 Septemba

Nimepata kazi! Mtunza kengele wa Azinhosa, kwa majaribio hadi Jumapili ya sikukuu. Siku hiyo sanamu ya Bikira Maria itatolewa kanisani saa kumi kamili, kengele ikipiga. Nikifaulu, kazi ni yangu. Nikishindwa, narudi kwa mjomba Quintino kuzoa mavi ya nguruwe. Dona Graciete, mwenyekiti wetu wa kijiji, ameyasema hayo dukani mbele ya watu. Hakukuwa na haja.

Mzee Hermínio, kinyozi, ameipiga kengele ile kwa kamba miaka thelathini na moja. Sasa kuna kompyuta yangu na nyundo ya umeme. Kamba nimeikata, mnara upendeze. Amenikabidhi ufunguo akisema, "Haya, fundi. Tutasikia wenyewe."

Programu nimeiandika mwenyewe: ipige saa sita ya mchana kila siku, na saa kumi siku ya sikukuu tu. Haihitaji kuambiwa saa. Inaiuliza kompyuta iko nchi gani, kompyuta inachungulia mtandao ilioushika, inajibu, basi. Akili kweli kweli!

Alhamisi, 10 Septemba

Mtandao wa ofisi ya kijiji umezuiwa usionyeshe mpira. Dona Graciete hapendi watu wastarehe. Lakini mnara ni mrefu, mto wa mpakani ni mwembamba, na ng'ambo, Uhispania, kuna mkahawa wa Reme. Nimevuka kwa mashua, nikanywa kahawa mbili, nikamsifia nywele, nikarudi na nywila. Antena nimeitengeneza kwa kopo la mafuta ya zeituni. Mpira unaonekana safi kabisa! Mtandao wa ofisi nimeuacha uwe wa akiba, wa Reme ukikatika.

Ijumaa, 11 Septemba

Balaa. Kengele ya saa sita imepiga saa tano. Mafundi wa barabara wakatupa sepeto wakaenda kula. Masufuria hayajachemka. Wanawake wakatoka barazani kunitukana, mimi na marehemu baba yangu. Hermínio amecheka mpaka akamkata mteja sikio. Kidogo tu, lakini ananisingizia mimi.

Nimemwambia Dona Graciete yalikuwa mazoezi ya sikukuu. Amesema mazoezi ya pili nitayafanyia zizini.

Chanzo nimekipata. Wahispania wako mbele yetu kwa saa moja. Kompyuta imeshika mtandao wa Reme, basi inajiona Mhispania. Ningeweza kuiandikia wazi kwamba tuko Ureno. Lakini nimeshajisifu kijiji kizima kwamba inajua yenyewe! Nikiiambia, Hermínio atasema hata yeye angeiambia. Kwa hiyo nimeongeza mstari mmoja tu: jibu lolote likija, toa saa moja.

Jumamosi, 12 Septemba

Saa sita imepiga saa sita! Nimepita mbele ya kinyozi mara nne, taratibu. Hermínio ameuliza nimefanyaje. Nimemjibu kuwa ni hesabu, asijichoshe.

Reme amenipigia simu. Kesho alasiri anakuja sikukuu, kwa hiyo anafunga mkahawa na kuzima kila kitu, hata mtandao. Nimemwambia vizuri sana, aje na dada yake.

Jumapili, 13 Septemba



Saa kumi. Watu wote uwanjani. Wanaume wanne wamembeba Bikira Maria mabegani. Kengele, kimya. Kumi na robo, kimya. Padri akasema desturi ni desturi, Mama hatoki bila kengele. Jua kali! Mpiga tarumbeta akazimia. Hermínio akainua saa yake ya mkononi juu ili kila mtu aione.

Nikatangaza kwamba saa zao zote zimekwenda mbele. Nimeshikilia hivyo nusu saa nzima. Kisha Dona Graciete akaanza kunitafuta, nikakimbilia mnarani.

Huko juu nikaona. Mtandao wa Reme haupo. Kompyuta imehamia ule wa ofisi, ikajua iko Ureno, sawasawa kabisa, halafu ikatoa saa moja kama nilivyoiamuru. Kabla sijaigusa, ikapiga ya saa kumi. Saa kumi na moja, ndani ya sikio langu.

Dakika ileile mashua ikatia gati. Don Eladio, meya wa Puerto Jaral ya ng'ambo, mgeni wetu rasmi, amechelewa saa nzima, tumbo limejaa. Akasikia kengele, akawaona watu wanaanza kusogea, akadhani tumemsubiri yeye. Akalia! Akamkumbatia Dona Graciete, akauliza ni nani muungwana huyu mwenye kengele.

"Yuko juu kule," Dona Graciete akamjibu. "Mchukue. Leo hii."

Jumanne, 15 Septemba

Mtunza kengele wa Puerto Jaral, Uhispania! Nimepewa na kofia. Hermínio alinisindikiza hadi gatini akiimba. Wivu ni kitu kibaya.

Ofisi ya huku nayo imezuia mpira. Reme amebadilisha nywila na hapokei simu. Si kitu. Mnara huu unanasa vizuri mtandao wa kinyozi Hermínio kule Azinhosa, na nywila yake ni jina la mbwa wake. Wa ofisi ya huku nimeuacha uwe wa akiba, kama kawaida. Najua, kompyuta sasa itajiona Mreno. Mimi si mjinga. Kosa la Jumapili nimelichunguza kwa makini usiku na mchana: nilitoa saa moja. Safari hii nimeongeza.