Ombi la Kufunguliwa Ramani ya Gari kwa Niaba ya Vidole vya Mume Wangu

Kwa Meneja,
Idara ya Ramani za Ndani ya Gari,
Kiwandani.

Ndugu Meneja,

YAH: KIOO CHA RAMANI KUJIFUNGA GARI LINAPOTEMBEA

Natumaini barua hii itakukuta mzima tena umekaa, maana ni ndefu kidogo. Mimi ni mwokaji wa keki za harusi. Naoka mwenyewe, napamba mwenyewe, na kuzipeleka ukumbini naendesha mwenyewe. Kiti cha pembeni hukaa mume wangu, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye hapa nitamwita Baba Watoto kama ninavyomwita nyumbani. Mwaka huu watoto wetu walichanga wakatununulia gari la kiwanda chenu, lenye ramani iliyojengewa humo humo. Tulifurahi sana, mpaka nilipoondoa mguu kwenye breki.

Likianza tu kusogea, kioo kinaandika: "Kwa usalama wako, huduma hii haipatikani gari likitembea." Hapo huwezi kuandika jina la mtaa, huwezi kubadilisha njia, huwezi kitu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Dereva ni mimi. Mikono yangu iko kwenye usukani na sina haja ya kubonyeza chochote. Anayetaka kubonyeza ni Baba Watoto, na mikono yake iko magotini, haina kazi tangu astaafu. Tafadhali msiniambie kwamba gari halijui kama yupo. Asipofunga mkanda linapiga kelele mpaka majirani wanatoka nje. Sasa kama linajua kwamba amekaa, linashindwaje kujua kwamba ana vidole?

2. Baada ya kunyang'anywa ramani, Baba Watoto amejipa kazi nyingine, nayo ni mimi. "Mama, punguza. Tuta hilo. Punguza. Umeliona tuta?" Tuta nimeliona, Ndugu Meneja. Nalipita kila Jumamosi tangu lilipojengwa. Anakanyaga breki ambayo haipo, na zulia la upande wake limeanza kutoboka. Mtu aliyezoea kusimamia shule nzima hawezi kukaa bure. Msipompa kioo, atanisimamia mimi. Juzi alinisifu kwa kupita vizuri kwenye mzunguko, nikajikuta nimesema, "Ahsante, mwalimu." Sijawahi kuona aibu kama ile ndani ya gari langu mwenyewe.

3. Msidhani hatujajaribu kutii. Tunasimama pembeni, navuta breki ya mkono, na Baba Watoto anaanza kuandika. Anaandika kama anayeandika ubaoni: taratibu, herufi moja moja, kisha anarudi nyuma kuhakiki. Kabla hajamaliza, askari wa barabarani anagonga dirisha kuuliza kwa nini tumeegesha pale. Tunasogea, kioo kinajifunga, na kazi yote inafutika. Kuna ukumbi tuliufikia kwa kuuliza wapita njia huku jina lake halijafika hata nusu. Mhudumu wa kituo cha mafuta tunapopenda kuegesha sasa anatupungia mkono. Anadhani huwa tunakuja kumsalimia.

4. Dada anayesema ndani ya ramani akisema "geuka kushoto", Baba Watoto anamjibu, "Sawa, mama." Mimi nikigeuka kushoto ananiuliza sababu. Hili si kosa la kiwanda, ila nimeona niliandike.

5. Mwezi uliopita gia ziligoma njiani, na keki ya ghorofa iko kiti cha nyuma. Ikabidi tuite gari la kuvuta magari, letu likapakiwa mgongoni. Mimi nilikaa mbele na dereva wake. Baba Watoto alikataa katakata kuiacha keki peke yake, akabaki ndani ya gari letu huko juu. Kumbe magurudumu hayazunguki, breki ya mkono imevutwa, na kioo chenu kikaamini kwamba tumeegesha. Kikafunguka chote! Mzee alibonyeza njia nzima. Alitafuta ukumbi, akatafuta kila shule aliyowahi kufundisha, kisha akawa ananipigia simu mimi ili nimwelekeze dereva. Tuliingia ukumbini mbele ya maharusi, yeye yuko juu anapunga mkono, keki imesimama wima. Tangu gari hili lije hatujawahi kusafiri kwa amani kama siku ile. Nauliza kwa heshima zote: hivyo ndivyo mlivyokusudia litumike? Kama ndivyo, mngeuza magari yote mawili kwa pamoja, hili na la kulivuta.

Kwa hiyo naleta ombi. Fundi umeme wa mtaani kwetu anasema upo waya mmoja wa breki ya mkono ambao ukiunganishwa kwenye chuma cha gari, gari litaamini limeegesha hata likiwa linakimbia, na kioo hakitajifunga tena. Ila anaogopa kwamba akiugusa bila idhini yenu mifuko ya hewa itapasuka yote. Naomba idhini hiyo kwa maandishi. Na kama haiwezekani, basi ninyi mlioweza kukifunga kioo gari likitembea hamtashindwa kumfunga abiria kwa utaratibu huo huo, awe anafunguka tukishaegesha. Sisemi kwa mzaha. Ndoa yetu imepita kwenye kulea watoto, kujenga nyumba na kuishi na wakwe. Sitaki ije ivunjikie kwenye tuta.

Nisalimie wahandisi wote, wa mapokezi, wa kupaka rangi, na yule dada wa ramani kama huwa anapita ofisini.

Ni mimi, niliyeshika usukani,

Mama Keki

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, fundi aliacha woga akaunganisha ule waya. Hakuna kilichopasuka na kioo kiko wazi. Leo tumepeleka keki mbali, na Baba Watoto amebonyeza tangu getini mpaka ukumbini, kichwa chini. Hakusema punguza. Hakukanyaga zulia. Tulipofika kwenye tuta nilipita bila kupunguza, makusudi, na keki iko nyuma. Hakuinua hata macho. Nikamwita. Akasema, "Mm." Ndugu Meneja, nimeumia kuliko nilivyotegemea. Ilikuwa kama naendesha peke yangu. Fundi nimemwambia aje kesho auondoe huo waya, na ombi langu naomba mlitupe. Kioo kiacheni kijifunge kama mlivyokitengeneza. Baba Watoto nitamwambia kimeharibika chenyewe. Akiwaandikia kulalamika, tafadhali msimjibu.