Banda la Kuku Lenye Usukani

Wapo watu ambao wakisikia habari njema hushukuru. Mteremko hakuwa wa kundi hilo. Yeye akisikia habari njema hujiuliza ni ya nani, na ataichukuaje kabla mwenyewe hajajua anayo.

Jina la Mteremko alipewa na mtaa, kwa kuwa kwake kila kazi ilikuwa mteremko mtupu, hasa ile iliyofanywa na mwingine. Asubuhi hiyo alikuwa gereji, amekalia tairi bovu, anakunywa chai ambayo fundi alijimiminia mwenyewe.

"Unalijua lile gari la mama wa mashine ya kusaga?" fundi alisema huku akijifuta grisi. "Limelala uani miaka mitatu, watu wanaliita mzoga. Lakini injini yake, ndugu yangu, nzima. Nimeishika kwa mikono hii."

"Ukiiwasha inawaka?"

"Mara moja tu. Inanguruma mpaka raha. Sasa, nikwambie nilichofanya—"

Lakini kikombe kilikuwa kimeshabaki peke yake juu ya tairi. Mteremko hakuwa na tabia ya kusikiliza hadithi mpaka mwisho. Aliona ni kupoteza muda wa biashara.

Akaenda moja kwa moja kwa mwenye bucha, bonge la mtu ambaye kwa muda mrefu alitamani gari la kubebea nyama. Akamwimbia gari zima, la mama mmoja, lisilowahi kupakia hata mkaa. Mwenye bucha akatoa arubuni nono.

"Utaliona Jumamosi, linanguruma," Mteremko alisema.

"Nisipoliona nitakuja kwako," mwenye bucha alijibu, akipitisha kisu kwenye nondo ya kunolea. "Mimi maneno mengi siwezi."

Mteremko akakitazama kisu, akagundua kwamba angependelea kulileta Ijumaa.

Mama wa mashine ya kusaga alikuwa uani, mweupe wa unga mpaka kwenye kope, anafunga magunia. Nyuma ya ukuta mashine ilikuwa inaunguruma, kwa hiyo walizungumza kwa sauti ya juu. Gari lilikuwa pembeni, majani yamelifika milangoni, tairi zote zimelala chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta mahindi?"

"Hapana, mama. Natafuta banda la kuku."

Hapo ndipo ulipokuwa ufundi wake, na tumpe haki yake. Anayenunua gari huulizwa bei ya gari. Anayenunua banda la kuku huonewa huruma.

"Banda?" mama akauliza.

"Hilo lako. Lina milango minne, madirisha ya kupitisha hewa, na viti vya kutagia. Kuku watanishukuru."

Mama akalitazama gari, akamtazama na yeye. "Linanibania nafasi ya magunia, kwa kweli. Lakini njoo kwanza nikufungulie boneti uone."

"Ya nini, mama? Kuku hawaendeshi."

"Uone tu, usije ukasema sikukwambia."

"Mama yangu, injini kwangu ni uchafu. Mashine yako hiyo, kwa mfano, ina sauti nzuri sana, lakini kuku wangu haiwahusu."

"Ina sauti nzuri, eh?" Mama akatabasamu kidogo. "Kwa mara ya mwisho, baba. Nifungue?"

"Usihangaike, mama."

"Basi niandikie."

Akampa kipande cha mfuko wa unga na kalamu. Mteremko akaandika kwa mwandiko wa kupendeza: *Nimenunua banda la kuku. Injini si hoja yangu.* Akatia sahihi yenye mikia miwili. Halafu akaomba na kadi ya gari, polisi wasije wakadhani banda ni la wizi. Mama akampa, na bei ikawa ya banda kweli.

Ijumaa alijaza tairi upepo, akamwomba dereva wa lori la mchanga amvute. Wakafunga kamba, Mteremko akaingia ndani kushika usukani, mkono mmoja nje ya dirisha kama mheshimiwa anayesindikizwa. Gari lilikwenda limeinua pua. Kwenye kila tuta, mbele kuliruka kama mbuzi.

"Bwana," dereva wa lori alipaza sauti kwenye kona, "mbona jepesi hivi?"

"Magari ya zamani hayakuwa na majivuno," Mteremko akajibu.

Nyumbani mkewe, aliyekwisha kusikia habari za banda la kuku, alitoka na kitambaa cha vyombo mkononi. Mteremko akakohoa kidogo, akafungua boneti kama anayefungua kikao.

Ndani kulikuwa na ardhi, ile ile ya uani kwake, na kokoto zake alizozizoea.

Mkewe akachungulia. "Baba watoto," akasema taratibu, "hapo ndipo kuku watakapolala, au ni pa kuogea?"

Mteremko alifika kwa mama mbio, kola imelowa. Mama alimpeleka nyuma ya ukuta. Pale, juu ya zege, imefungwa mkanda mrefu wa kuzungushia mashine, injini ya gari ilikuwa inasaga mahindi ya mtaa mzima. Fundi alikuwa ameinama anaitia oili.

"Uliondoka sijamaliza," fundi akalalamika. "Nilitaka kukwambia jinsi nilivyoihamisha."

Mteremko alitafuta nani amemdanganya ili amkasirikie. Hakumpata. Siku ile kila mtu alikuwa amesema kweli, na hilo ni jambo ambalo hakuwahi kujiandaa nalo.

Jumamosi mwenye bucha alikuja. Alichungulia chini ya boneti kwa muda mrefu. Mteremko alizungumza kuhusu vipuri, meli na hali ya dunia. Arubuni yenyewe ilikuwa imeshalipia banda, ya kurudisha haikuwepo.

"Kuku ni nyama," mwenye bucha akasema mwishowe. "Wawili kila Jumamosi, mpaka nikwambie basi." Akaondoka, na hayo ndiyo yakawa maneno yake yote.

Sasa hivi kuna jogoo anayewikia juu ya usukani, na tetea mmoja haambiwi kitu kuhusu kiti cha dereva. Na kila Jumatatu Mteremko husimama foleni kwa mama kununua pumba za kuku, kati ya akina mama na ndoo zao, anaisikiliza injini.

"Ina sauti nzuri, eh?" mama humuuliza, akimpimia.

"Nzuri, mama," hujibu.