Koti la Mkurugenzi Liko Kazini

Kwa fahari kubwa, Idara ya Mahudhurio ilitangaza kwamba kila kiti cha ofisi kitafungwa kihisi, kidude cha ukubwa wa kifungo kinachojua kama kiti kina mtu. Utoro, lilisema tangazo, umepata kiboko yake.

Kazi ya kuandika kiendeshi, yaani ile programu inayopokea habari za kihisi na kuzifikisha kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, ilimwangukia Dada Mitambo, aliyekuwa bado kwenye majaribio. Kiendeshi kikipitishwa, anaajiriwa. Kikikataliwa, anarudi kuuza mitumba na shangazi yake, na shangazi alishamwambia kweupe kwamba hamhitaji.

Kamati ya Mapitio ikaketi, Mkurugenzi akiwa mwenyekiti. Mezani kulikuwa na kompyuta, imezimwa kwa heshima. Dada Mitambo alieleza kuwa kiti chenye mtu kinatuma moja, kitupu kinatuma sifuri. Wajumbe waliona sifuri ni lugha kali kwa mtumishi wa umma, wakapendekeza iitwe moja inayokuja.

Kisha wakaenda kufanya jaribio kwenye kiti cha Mkurugenzi ambacho, kama viti vyote vya wakubwa, kilikuwa kimevalishwa koti tangu asubuhi. Kihisi kilipapasa kitambaa, hakikupata joto. Sifuri.

"Kibovu hiki," Mkurugenzi akasema.

"Mzee, hilo ni koti."

"Binti yangu, koti langu likiwa hapo, mimi nipo. Nimetoka kidogo tu. Ofisi nzima inajua."

Ni kweli ilijua. Kutoka kidogo kwa Mkurugenzi kulianza saa nne asubuhi na kuisha kesho yake.

Dada Mitambo akajaribu kuwaelewesha. Kiini hakina macho, kinameza chochote kinachopewa na kiendeshi. Tena mlango mkuu unasikiliza kiini hichohicho, na mtu aliyemo ndani haumfungulii kuingia mara ya pili. Sasa koti likihesabiwa kuwa Mkurugenzi, Mkurugenzi mwenyewe atakuwa nani?

"Hilo ni suala la kisera," akajibiwa. "Wewe andika."

Akaandika. Kiendeshi kikapitishwa kwa makofi, naye akaajiriwa.

Jumatatu Waziri akatua bila taarifa. Mkurugenzi, aliyekuwa ametoka kidogo tangu Ijumaa, alifika mbio na shati tupu. Mlango ukamgomea: Mkurugenzi yumo ndani. Akapiga simu.

"Mitambo, fungua."

"Shikamoo, mzee. Kubadilisha kiendeshi kunahitaji idhini ya mwenyekiti wa kamati."

"Mwenyekiti si mimi?"

"Mwenyekiti yuko ofisini kwake na Waziri, mzee. Namwona hapa kwenye skrini. Naogopa kumkatiza."

Waziri alitoka humo ameridhika kupita kiasi. Hajapata, alisema, kukutana na kiongozi msikivu namna ile, asiyejitetea wala kuomba gari jipya. Akaagiza koti liongezewe muda wa uongozi na mtu yeyote asiliguse.

Manyunyu yakaanza. Mkurugenzi, meno yakigongana, akamsihi mlinzi walau amletee koti lake.

"Haiwezekani, ndugu," mlinzi akasema, akimsogezea benchi la wageni. "Wewe kaa hapa utulie. Bosi akitoka, utaingia."